Mheshimiwa wa Mwezi wa Juni

Mheshimiwa aliponiomba nije kufungua Sabato katika uwanja wa bunge la kaunti, ilinipasa kumwambia hapana. Sababu ya kukataa nilikuwa nayo, tena niliijua wakati ule ule, si baadaye. Nilikuwa nimesimama katikati ya chai yangu, kikapu mgongoni, naye amesimama barabarani kwa ajili ya viatu vyake.

"Tata," akaniita, maana ndivyo tunavyomwita mtu mwenye umri wa baba, "ni maombi tu. Tangu lini mzee wa kanisa akakataa kuomba?"

Nikacheka. Nikasema nitakuja.

Jina lake sitaliandika. Watu wote walimwita Mheshimiwa, hata mke wake, hata mama yake mzazi akiwa amekasirika, na nadhani ungemwita kwa jina lake asingegeuka. Alikuwa mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, na baadaye mwenyekiti wa kamati ya bajeti. Mimi nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai mpaka nilipostaafu, na mzee wa kanisa letu la Wasabato. Nilimfahamu tangu alipokuwa na duka la simenti pale Nyakoe, wakati alipokuwa bado anawasalimia watu yeye kwanza.

Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Kwaya yetu haijapata besi nyingine kama ile. Lakini sauti hiyo hiyo aliitumia kwa kila jambo: kuimba, kuagiza chai, kumgombeza dereva, kuahidi mabati. Ukimsikiliza ukiwa umefumba macho usingejua kama anasali au anadai. Alikuwa na saa kubwa ya fedha, naye aliitazama kila baada ya maneno machache. Saa ngapi hakutaka kujua. Alitaka wewe ujue kwamba kuna mahali pengine anapongojwa.

Viatu vyake vilikuwa vya rangi ya maziwa. Kwetu mvua hainyeshi kwa msimu. Inanyesha inapotaka, na udongo wetu ukilowa unashika kila kitu. Kwa hiyo Mheshimiwa hakutoka kwenye lami. Mama mwenye shida ya karo alipanda kutoka bondeni akamkuta barabarani. Vijana wenye shida ya daraja walipanda wakamkuta barabarani, daraja lenyewe likiwa chini huko ambako hakuwahi kufika. Wadi nzima ilijifunza kupanda mlima ili kuongea naye, na yeye akachukulia kwamba huko ndiko kuheshimiwa.

Mazishi ndiyo yalikuwa kazi yake halisi. Alifika mhubiri akiwa ameshaanza, ili mahubiri yasimame. Aliposhika kipaza sauti alisema, "Sitachukua muda wenu," kisha akauchukua. Alisimulia alivyomjua marehemu, hata marehemu aliyekuwa mtoto wa juzi. Jambo linaloniudhi mpaka leo ni kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli. Mara moja, kwenye mazishi kule Nyamarambe, mvua ilishuka ghafla na wazee wakabaki wamekaa uwanjani, nami nilimwona Mheshimiwa akibeba viti, viwili viwili, kuwahamishia chini ya turubai, viatu vile vya rangi ya maziwa vikizama kwenye tope. Hakuna kamera iliyokuwapo. Ningependa kutoliandika, maana linanipunguzia dharau, lakini nililiona.

Alikuwa hivyo. Akimkuta mgonjwa barabarani alimpakia garini mwake mpaka hospitalini na kumlipia kila kitu. Kisha alikwenda bungeni kuizuia bajeti ya hospitali ile ile. Hakuona kwamba ni mambo mawili yanayopingana. Mgonjwa aliyempakia angemshukuru kwa jina. Waliotibiwa kwa bajeti wangeshukuru nani?

Sasa niseme juu ya Juni.

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha siku ya mwisho ya mwezi wa Juni. Kabla ya siku hiyo bunge la kaunti lazima lipitishe mswada wa matumizi, la sivyo Julai inaingia na serikali haina ruhusa ya kutumia kitu. Kila mtu katika ofisi anaiogopa tarehe hiyo. Mheshimiwa aliipenda jinsi wengine wanavyopenda pombe. Kuanzia Januari mpaka Aprili alikuwa mtu wa kawaida, anasinzia kanisani, anauza simenti. Mei alianza kuamka. Juni ilipofika alikuwa amenawiri, anatembea haraka, simu mbili mikononi.

"Gavana hanipigii simu mwezi wa Machi," aliniambia siku moja akila matoke nyumbani kwangu. "Machi mimi ni nani? Mtu wa simenti. Lakini mwambie asubiri Juni. Juni ananiita ndugu yangu."

Mke wangu, aliyekuwa akimwongezea chai, aliuliza, "Na sisi wengine, Mheshimiwa, tunaitwa nani mwezi wa Juni?"

"Nyinyi ni wananchi, mama."

"Na Machi?"

"Bado ni wananchi."

"Basi sisi hatubadiliki," akasema mke wangu. "Kula, matoke yanapoa."

Alicheka sana. Hakujua amechekwa yeye.

Mbinu zake zilikuwa nyingi. Mwaka mmoja ripoti ya kamati ilipotea, na wote tulijua iko chini ya kiti cha gari lake. Mwaka mwingine aliwapeleka wajumbe wa kamati Kisumu kwa semina, simu zikazimwa, mpaka gavana akakubali kuihamishia wadi yetu barabara iliyokuwa ya wadi nyingine. Barabara hiyo ipo. Inapita kwenye chai yake na kuishia kwenye lango lake, lakini ipo, na nimeitumia. Watu walimsifu. Mimi pia nilimsifu. Tulisema tuna mtu mkali, na hatukuuliza watu wa ile wadi nyingine walipita wapi.

Dini yake nayo ilikuwa na msimu. Sabato moja nilipita Masimba nikienda kumtembelea mgonjwa, nikamwona Mheshimiwa kando ya stendi, buti ya gari imefunguliwa, ramani ya ploti imetandazwa juu ya magunia ya simenti, anabishana bei na mtu. Sisi hatununui wala hatuuzi siku hiyo; mtoto mdogo wa Kisabato anajua. Aliniona. Akakunja ramani taratibu, akasema, "Sabato njema, mzee."

"Sabato njema," nikajibu, nikapita. Mzee wa kanisa alipaswa kumwita kando akamwonya. Nilijiambia nina haraka.

Mwaka ninaousema, siku ya mwisho ya Juni iliangukia Jumamosi. Kwingine hilo si jambo. Kwetu wajumbe wengi wa bunge ni Wasabato, na Sabato inaingia Ijumaa jua linapochwa. Maana yake bajeti ilipaswa kupita Ijumaa kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa Jumamosi wasingekuja, na Wakatoliki waliobaki wasingefika akidi, yaani idadi ya wajumbe ambayo bila hiyo hakuna kura. Mheshimiwa aliliona hilo kwenye kalenda ya kanisa mapema, akalifurahia peke yake.

Mwaka huo alitaka soko jipya lijengwe kwenye ploti aliyokuwa ameinunua. Gavana alikataa. Kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: yeye atasoma ripoti ya kamati Ijumaa alasiri, polepole, mpaka jua litue. Lakini aliogopa kitu kimoja. Wajumbe wangeweza kusema, tukae dakika chache zaidi tupige kura, Mungu ataelewa. Hapo ndipo aliponihitaji mimi.

"Ukianza wimbo wa kufungua Sabato pale uwanjani," aliniambia akiwa barabarani, mimi nikiwa kwenye chai, "nani atabaki ndani? Kila mmoja ana kanisa lake nyumbani. Hawezi kuonekana ameshika karatasi ya kura na mzee anaomba dirishani."

"Na pesa za hospitali zimo humo humo?" nikauliza.

"Zimo zote humo. Ndiyo nguvu yenyewe. Ni siku mbili tu, tata. Jumapili gavana atanipigia, Jumatatu tunapitisha. Wewe umewahi kuona Juni ikinishinda?"

Niliuliza habari ya hospitali kwa sababu ya mke wangu. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa unaokula macho kutoka pembeni kuingia ndani, kimya kimya, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia alikuwa akiona nalo kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari wa macho wa hospitali ya kaunti alikuwa amempangia upasuaji katika Julai. Alisema wazi, mbele yangu, kwamba matone pekee hayatoshi tena na kwamba tusichelewe.

Nilimwambia Mheshimiwa hayo. Akasimamisha mkono hewani kama anaapa. "Mama? Mama nitampeleka mwenyewe kwa gari langu."

Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo ni aibu zaidi. Wazee wa kanisa katika kaunti hii ni wengi, naye alikuwa amenichagua mimi. Nilikuwa nimepima majani ya watu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kusema kwamba jambo kubwa linanitegemea.

Nilipomweleza mke wangu alikuwa akipiga pasi nguo za Sabato, akipapasa mikunjo kwa vidole kwa sababu hakuiona vizuri.

"Kwa hiyo unakwenda kuomba ili watu wasifanye kazi yao," akasema.

"Ninakwenda kufungua Sabato."

"Baba Moraa, Yesu aliponya watu siku ya Sabato. Nyinyi mnaichukua Sabato muifanye kufuli."

"Ni siku mbili."

"Umemuuliza daktari kama ni siku mbili?"

Nikatoka kwenda kufunga ng'ombe. Moraa ni binti yetu, anafanya kazi Nakuru. Mama yake alimpigia simu jioni hiyo, na nilipoingia chumbani akakata simu.

Ijumaa nilivaa suti, nikachukua Biblia, nikaketi mahali pa wageni bungeni. Mheshimiwa alisimama na ripoti yake. Alisoma kila aya, kisha akaieleza, kisha akairudia kwa Kiingereza. Akaomba maji. Akayanywa kama dawa. Mwakilishi mmoja wa kike, Mkatoliki kutoka upande wa pili wa kaunti, alisimama kwa hoja ya nidhamu.

"Bwana Spika, mwenzangu amesoma ukurasa huo mara mbili. Mwambie aende mbele. Wagonjwa hawali ripoti."

"Bwana Spika," Mheshimiwa akajibu, "dada yangu asiwe na wasiwasi. Yeye ana Jumapili nzima ya kuharakisha."

Wakacheka. Nami nilicheka. Mwanga kwenye madirisha ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na wajumbe walianza kutazamana, mmoja akamnong'oneza Spika, Spika akaitikia kwa kichwa. Nilielewa kwamba wanataka kumkatiza wapige kura. Mheshimiwa pia alielewa. Akafunga faili na kunitazama.

Nikainuka. Hakuna aliyenishika mkono. Nilishuka ngazi, nikasimama kwenye nyasi chini ya madirisha, nikaanza wimbo. Sauti yangu si nzuri lakini inasikika. Ubeti wa kwanza niliimba peke yangu. Wa pili, walitoka watatu. Baadaye nilisikia viti vikisogezwa huko ndani, na wakaja, wanaume kwa wanawake, wengine wakitoa Biblia kwenye mifuko, wengine wakiwa na nyuso za watu walioitwa na mwalimu. Mheshimiwa alitoka mwisho, akaingiza besi yake chini ya sauti zetu, na wimbo ukawa mzuri sana. Ndiyo, ulikuwa mzuri.

Kisha nikaomba. Niliwaombea viongozi, mashamba, wajane, watoto walio shuleni. Nilipofika mwisho nilifungua jicho kidogo, nikaona bado kuna mwanga, nami nikaanza tena na wasafiri. Hilo hakuniagiza mtu. Mheshimiwa aliomba nifungue Sabato. Kurefusha maombi mpaka giza liingie nilijiongezea mwenyewe.

Niliposema amina, Spika alikuwa amekwisha kuahirisha kikao. Yule mwakilishi Mkatoliki alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Umeomba vizuri, mzee," akasema. "Ila sikusikia ukiwaombea wagonjwa."

Alisema kweli. Nilikuwa nimewasahau, au niliwakwepa.

Jumapili gavana hakupiga simu. Jumatatu hakupiga. Alizungumza redioni, akasema bunge limemnyima fedha na yeye hana la kufanya. Alikuwa amegundua kwamba Juni ikishapita, lawama zote ni za Mheshimiwa, na akaamua kumwacha nazo. Mheshimiwa hakuwa amewahi kufikiria Julai. Katika maisha yake yote ya ubunge hakuwahi kuifikia akiwa hajapewa alichotaka. Alikwenda huku na huko na simu zake mbili, na bado akasema hawezi kurudi nyuma, watu watamwonaje.

Walioajiriwa kwa kudumu walipata mishahara kwa njia zao. Waliokuwa wa mkataba walikwenda nyumbani. Nilipomfikisha mke wangu hospitalini siku aliyopangiwa, muuguzi, kijana aliyetoka nje ya kaunti yetu, alitusemesha kwa Kiswahili.

"Mzee, daktari wa macho hayuko. Mkataba yake iliisha Juni, na hakuna pesa ya kuandika ingine."

"Atarudi lini?"

"Wakipitisha hiyo bajeti. Waulize hao wa bunge." Kisha akaniangalia suti. "Wewe si ndiye yule wa maombi? Nilikuona kwa video, kwa simu."

Mke wangu alikuwa amenishika mkono. Hakuuachilia.

Nilimpigia Mheshimiwa. Simu iliita, ikaita, kisha ikajibiwa na dereva, kisha haikujibiwa na mtu. Moraa alitafuta hospitali ya watu binafsi Nakuru. Tuliuza ng'ombe, pesa hazikutosha, tukangoja. Bajeti ilipita Oktoba, bila soko. Daktari mpya alikuja Novemba. Alimmulika mke wangu macho kwa muda mrefu, akazima taa yake, akaniuliza tulikuwa wapi.

Mheshimiwa nilikutana naye mara ya mwisho mwaka huu, kwenye harambee ya kanisa moja karibu na Nyamarambe. Wadi yetu ilikuwa imemwangusha, na sasa anataka kwenda bunge la taifa, kule Nairobi. Amenenepa, nywele amezipaka rangi. Nilikuwa nimeketi na mke wangu safu ya nyuma. Alichukua kipaza sauti, akasema hatachukua muda wetu, kisha akaanza kusimulia alivyoisimamisha serikali nzima kwa heshima ya Sabato.

"Kuna wanaosema niliangushwa kwa sababu hiyo," akasema. "Nami nasema, kama ni kwa ajili ya Sabato, niangusheni tena. Na shahidi wangu yuko hapa. Mzee, simama. Ndiye aliyeomba jioni ile mpaka bajeti ikalala."

Nilisimama. Watu wakapiga makofi.

"Wanampigia nani?" mke wangu akauliza chini.

"Mimi."

"Basi simama vizuri," akasema.

Baada ya mkutano Mheshimiwa alitufuata. Akamnyooshea mke wangu mkono. Mkono ukabaki pale.

"Mama, siku hizi hunisalimii?"

"Haoni," nikasema.

"Pole sana. Tangu lini?"

"Tangu ile bajeti. Upasuaji wake ulikuwa Julai. Nilikueleza."

Alinitazama, na kwa muda mfupi nilifikiri atasema neno la utu. Kisha akaitazama saa. "Lakini tata, kwa nini hukunipigia simu?"

"Mheshimiwa," mke wangu akasema, uso wake ukiwa umeelekea pembeni kidogo ya pale alipokuwa, "unangojwa. Nenda."

Akaenda. Nilimwona akiwasalimia watu mpaka garini. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kumdharau siku hiyo, na nilimdharau, lakini haikunisaidia kitu, kwa sababu yeye aliniomba tu, na mimi nilijua tarehe ya upasuaji, nikavaa suti nikaenda.

Tulirudi nyumbani nikimshika mkono na kumwambia palipo na jiwe. Mke wangu ni kipofu wa macho yote mawili. Jicho la kulia lingeweza kuokolewa Julai ile, daktari alituambia hivyo sote wawili, na halikuokolewa kwa sababu nilikubali kwenda kuomba.